Usimtembeze Mtu Mikono Mitupu

Juzi asubuhi nilikuwa shambani kwangu napalilia njegere, mara nikawaona vijana wa afya wanapita barabara ya juu na wagonjwa wao. Wagonjwa wamepangwa msururu, kijana mmoja mbele, mwingine nyuma, wote wawili na fulana za rangi moja. Wakanipungia. "Shikamoo bibi! Tuko mazoezini!" Nikaitikia marahaba, maana salamu hainyimwi mtu. Lakini jembe likawa zito ghafla. Nikakaa kwenye tuta nikasema, mwe! Sisi tumeshastaafu, na watoto wanaanza upya palepale tulipoanzia kukosea.

Basi ninyi wauguzi vijana, niachieni nafasi niseme. Mimi si mtu wa maneno matamu. Wagonjwa waliniita Nesi Pilipili, na sikuwakataza, kwa sababu hawakusema uongo. Ujana wangu wote niliumalizia kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, katika hospitali moja huku huku milimani, na kama kuna kitu ninachokijua kuliko kukoroga uji, ni kutembea na mtu ambaye akili imemchosha.

Matembezi tuliyaanza miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Mtakuwa mmesikia kwa wazazi wenu. Sabuni ilirudi madukani, malori ya Fuso yakawa yanapanda kutoka Dar kuja kubeba kabichi na matunda damu, na sokoni Lushoto mitumba ikamwagwa chini kwa marundo, kila mtu anachagua koti la Mzungu. Nje kulikuwa kumechangamka. Ndani ya wodi tulibaki na wagonjwa waliokaa barazani kutwa nzima wakivuta sigara na kutazama ukuta. Dawa za kutuliza zilikuwa zimewanenepesha, miguu imewavimba, midomo mikavu. Daktari wetu, kijana msomi, mpole, akasema: watu hawa watembee. Kutembea kunaamsha mwili, na mwili ukiamka, akili nayo husogea. Alisema kweli, na mpaka leo simpokonyi haki yake. Wagonjwa wakaanza kulala vizuri, wakala vizuri, wengine wakaanza kuzungumza.

Na hapo ngoja niwape kazi yenyewe, kabla sijasahau. Mtu aliyechomwa sindano jana, leo mwache apumzike. Aliyekaa chini, asisimamishwe kwa kuvutwa mkono. Dawa zile hushusha presha ya damu, atazunguka kichwa aanguke. Aketi kwanza, ashushe miguu, apumue, ndipo asimame. Kofia ni lazima. Baridi ya Lushoto isiwadanganye, kuna dawa zinazofanya jua liunguze ngozi kama maji ya moto. Njia ya kuteremka ni ngumu kuliko ya kupanda, kwa sababu magoti yao yamekakamaa. Mpe fimbo, usimshike kiwiko kama unamkamata. Anayetangulia awe mgonjwa, tena yule wa polepole kuliko wote. Na wewe tembea ubavuni. Ukiwa nyuma yake unamchunga, ukiwa mbele unamburuta. Ubavuni, macho yenu nyote yanatazama njia, na hapo ndipo mtu husema mambo ambayo ukimkalisha ofisini uso kwa uso hayatoki hata kwa dawa.

Haya yote tuliyajua mapema. Tulilokuwa hatulijui ni jambo moja, na ndilo lililokaribia kumpoteza mgonjwa wetu mmoja, Zaina.

Siku za mwanzo tulitoka na sare za hospitali, zile za bluu zilizopauka. Tulipofika tu kwenye kijiji cha kwanza, mlango huu ukafungwa, na ule ukafungwa. Mama mmoja alikuwa anachota maji, akaacha ndoo inabingirika akamkumbatia mtoto wake. Watoto walikaa juu ya ukingo wanatutazama, hakuna hata mmoja aliyesema shikamoo. Mnajua huku kwetu shikamoo haina mchezo. Mtoto akimpita mtu mzima kimya, atapigiwa kelele mpaka kwao. Lakini wagonjwa wetu, wengine wenye mvi kichwani, walitazamwa tu kama visiki.

Aliyeumia zaidi alikuwa Mzee Kaniki. Huyu alikuwa karani zamani, na ugonjwa ulipomshika akajipandisha cheo mwenyewe, akawa mkuu wa wilaya. Alikuwa na mwamvuli mweusi. Jua lisiwepo, mvua isiwepo, mwamvuli uko mkononi, na hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Siku moja mfagizi aliusogeza ili apige deki, tukashinda siku nzima tunasuluhisha. Sasa jioni ile, baada ya watoto kumnyima salamu, alirudi akakaa kitandani kwake akaniambia, "Nesi, wilaya hii imeharibika." Akajifunika shuka mpaka kichwani. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Ilinichoma.

Tukafikiri ni sare. Sare zilikuwa zimechakaa na kitambaa kipya hakikuja, kwa hiyo tukaenda sokoni tukawachagulia mitumba. Mzee Kaniki alipata koti lenye vifungo vya dhahabu, huyo tena, gavana kabisa! Zaina alipata sweta jekundu. Nikasema, haya, sasa nani atawajua? Tukatoka. Milango ikafungwa vilevile.

Zaina alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kwao ni ng'ambo ya mlima, upande wa kuelekea Mponde, kwa wakulima wadogo wa chai. Alikuwa amepona. Nasema amepona kama sisi tunavyosema, yaani anajua dawa zake, anazimeza bila kukimbizwa, analala, anacheka panapochekesha. Kilichombakiza wodini ni kwamba mama yake hakumtaka nyumbani. Na nyumbani kwa mama yake ndiko aliko binti yake, Rehema, aliyekuwa darasa la pili.

Wodi ilikuwa imejaa. Ikaamuliwa kwamba wasio na ndugu wa kuwapokea, masika yakiisha, wapelekwe kwenye kijiji cha wagonjwa huko tambarare, mbali, ambako mtu akishuka, kurudi ni majaliwa. Jina la Zaina lilikuwamo. Nilipomwambia hakulia. Aliniuliza tu, "Nesi, mtoto husahau sura ya mtu baada ya muda gani?"

Nikaenda kwa mama yake. Nilimkuta kibibi mkavu, mkono umepasuka kwa kuchuma chai, akanikaribisha vizuri, akanipa chai na viazi vitamu. Nikamweleza kwamba Zaina amepona. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Nesi," akasema, "unajua ugonjwa wa mwanangu ulianzaje?"

"Alikuwa hasemi na watu," nikajibu, maana ndivyo nilivyoambiwa alipoletwa.

"Hapana. Ulianza kwa kutembea. Aliamka akatoka, hana jembe, hana kikapu, hana hata kanga ya kujitwisha kitu. Mikono mitupu. Akapanda huku, akateremka kule, hana anakokwenda. Huku kwetu nani anatembea hivyo? Hata mtoto akitumwa chumvi anarudi na kuni mbili. Watu walipomwona wakajua kabla yangu. Mpaka siku moja alitoka na Rehema mgongoni, mvua inanyesha. Wachuma chai wakamkuta mtoto kando ya kijito, amelazwa kwenye majani. Mama yake ameendelea na safari. Siku ile alimtua hata mtoto, Nesi."

Akanitazama machoni.

"Na sasa naambiwa hospitali inamtembeza. Waliomwona wamenisimulia. Mikono mitupu, wanakwenda hawaendi mahali, wanarudi walikotoka. Mnasema amepona, na dawa mnayompa ndiyo ileile iliyomtoa kwangu. Mimi ni mama yake, simkatai. Lakini nina mtoto wa watu humu ndani."

Jamani, nilirudi njia nzima nimeduwaa. Mimi ni Msambaa wa kuzaliwa! Nimebeba majani ya ng'ombe tangu kichwa changu kilipokuwa laini, na kila mtu niliyemjua alitembea na kitu kichwani: kuni, maji, kikapu cha nyanya. Njia zetu ni za mizigo. Mtu anayepanda na kushuka milima hii bila kubeba kitu na bila kwenda kokote, huyo amepotewa. Halafu sisi tukawachukua watu wenye jina hilo tayari, tukawatembeza hivyohivyo mbele ya macho ya kila mtu, tukashangaa milango inafungwa.

Mtasema kwamba baada ya hapo nilijua la kufanya. Wala. Nilidhani jawabu ni kuacha matembezi.

Aliyepata jawabu ni Zaina, na hata yeye hakulitafuta. Ilikuwa siku ya matembezi yetu ambayo nilikuwa nimeshaamua yawe ya mwisho. Tumefika kwenye ukingo wa shamba la hospitali, pale palipopandwa yale majani marefu ya ng'ombe, akasimama. Akaanza kuvunja. Anavunja, anapanga, anavunja, anapanga.

"Zaina, wacha hayo!" nikamkemea. "Hukuja hapa kufanya kibarua."

"Naona aibu, Nesi," akasema, bila kuacha. "Mikono yangu inaona aibu."

Alichomoa mfukoni kipande cha sare ya zamani, akakisokota ngata, akaiweka kichwani. Halafu akaniambia neno ambalo mgonjwa hakuwahi kuniambia: "Nitwike."

Sasa nifanyeje? Nikamtwika. Kilikuwa kifungu kidogo tu, hata mtoto angekibeba. Akatangulia. Na shingo yake, wanangu! Mtu aliyekuwa anatembea kwa kuburuta miguu kwa sababu ya dawa, alinyooka. Mzigo wa kichwani haukuruhusu kujikunja. Tukakata kona, tukakutana na wanawake wawili wanatoka sokoni. Nikajiandaa kuwaona wanaruka ukingo. Yule wa mbele akasogea pembeni kumpisha, kama ilivyo ada kwa mwenye mzigo, akamsalimia kwa Kisambaa, "Onga mshi, dada. Pole na mzigo."

"Nishapoa," akajibu Zaina.

Basi. Ni hivyo tu. Wakapita. Nilipogeuka nikamwona Zaina amesimama katikati ya njia, analia na majani kichwani, na mimi nikawa nafuta pua kwa kofia yangu ya unesi.

Siku iliyofuata kila mtu alitaka mzigo. Matroni akaja juu, na hakuwa na makosa. "Leo wanabeba majani," akasema, "kesho watalimishwa mashamba ya wafanyakazi. Nimeyaona mahali." Mimi na yeye tuligombana mpaka chai ikapoa, na mwisho tukakubaliana. Asiyetaka kubeba asibebe. Anayebeba achague mwenyewe, na mzigo uwe mdogo. Majani ni ya ng'ombe wa wodi, ambaye maziwa yake yanaingia kwenye chai yao wenyewe, na mfanyakazi yeyote asiguse hata jani moja. Mimi nilikuwa na ng'ombe nyumbani, ana njaa kila siku kama mkwe mvivu, na sikugusa. Haya myashike. Mzigo wa kumpa mtu heshima ukigeuka mzigo wa kumnufaisha mkubwa, umemrudisha alikotoka.

Mzee Kaniki hakubeba majani. "Mkuu wa wilaya habebi majani," akasema. Tukakubali kwamba mwamvuli ni mzigo wake. Na kwa vile sasa tulikuwa kundi la watu wanaotoka mahali na kwenda mahali, watoto wakaanza kumsalimia. Shikamoo mzee! Alisimama kuitikia kila moja. Ipo siku mwanamke alimsimamisha akamweleza ugomvi wake wa mpaka wa shamba, na mzee akamsikiliza ameegemea mwamvuli, akamwambia, "Muite jirani yako mpande mmea wa mpaka pamoja, kila mmoja ashike jembe." Wiki chache baadaye yule mwanamke akatuletea kikapu cha matunda damu. Nikamuuliza mzee alijuaje. Akasema, "Nesi, kwani wewe hukuzaliwa huku?"

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ni kweli, ukiutazama kichwani kwa mwenzio huujui uzito wake. Lakini angalau unaona kwamba anabeba.

Masika yalikuwa yanakaribia mwisho. Nikamwambia daktari nataka kumtembeza Zaina mpaka kwao, kwa miguu, kwa njia ileile ambako watu walimwona akipotea. Akakubali. Kila wiki tulirefusha njia kidogo, kisima, kisha shule, kisha mgongo wa mlima. Nikatuma salamu kwa mama yake kupitia kwa mchuma chai mmoja, kwamba siku fulani tutafika. Jibu halikuja.

Tulitoka asubuhi, ukungu haujainuka. Mimi, Zaina, na Mzee Kaniki ambaye alisema hawezi kuruhusu raia wake aende bila kiongozi. Zaina alijivunjia majani mzigo wa kweli siku hiyo, si kile kifungu cha mazoezi. Nilipomwambia apunguze, akasema, "Mama ana ng'ombe." Nikamtwika. Njiani watu walitusalimia, wengine walimtambua, nikaona macho yanavyotazama uso, yakapanda kwenye mzigo, yakarudi usoni. "Zaina? Ni wewe? Pole na mzigo." Alijibu kila mmoja.

Tukafika uani. Mama yake alikuwa mlangoni, mikono kaifunga kifuani. Nyuma ya gauni lake nikaona jicho moja la mtoto.

Mnajua mila yetu. Mtu akifika uani na mzigo kichwani haulizwi habari. Hutuliwa kwanza, hata awe adui yako, maneno baadaye. Zaina alijua, mama yake alijua. Zaina akasimama katikati ya ua, hakuutupa, hakuusogeza. "Hodi, mama," akasema. "Shikamoo."

Mama hakuitikia.

Alisimama. Jasho likaanza kumshuka shavuni. Shingo ikaanza kutetemeka, na mimi najua dawa zile zinavyoichosha misuli, najua alikuwa amebakiza kidogo aanguke. Nikapiga hatua nimsaidie. Mzee Kaniki akaushusha mwamvuli mbele yangu kama kizuizi cha barabarani. "Nesi," akasema kwa sauti ya chini, "huo mzigo si wako."

Nikasimama. Sijawahi kuona kazi ngumu kuliko ile ya kusimama.

Aliyetoka ni Rehema. Alimkwepa bibi yake akaja polepole mpaka mbele ya Zaina, akamtazama juu. Sijui kama alimkumbuka. Sidhani. Nadhani aliona tu mtu mzima amesimama na mzigo, na amefundishwa. Akanyoosha mikono yote miwili. Haikufika. Akajiinua kwa vidole vya miguu, bado haikufika. Akageuka.

"Bibi!" akaita, na sauti yake ilikuwa ya kulaumu kabisa, kama bibi amesahau adabu. "Bibi, njoo tumtue!"

Mama akafungua mikono. Akavuka ua. Akashika mzigo upande mmoja, Rehema akashika majani yaliyoning'inia, wakautua chini. Halafu mama akabaki ameitazama ile ngata juu ya kichwa cha mwanawe. Akaitoa. Akaigeuza mkononi.

"Ngata gani hii," akasema, na midomo inamcheza. "Mimi nilikufundisha kusokota hivi? Kipara kitakutoka. Ingia ndani unywe maji."

Zaina akaingia.

Sitawadanganya kwamba ugonjwa haukurudi. Ulirudi, zaidi ya mara moja. Lakini alipouhisi alikuja hospitali mwenyewe, kwa miguu, na kila alipokuja alikuja na kabichi za wodi kichwani, na mama yake au Rehema ubavuni. Tambarare hakupelekwa.

Siku ile tulirudi wawili, mimi na Mzee Kaniki. Nililia tangu uani mpaka kwenye mgongo wa mlima, sikujali nani ananiona. Tukapishana na kina mama wa chai, wakanitazama, mwanamke mzima anapanda mlima anatiririka machozi, mikono inaning'inia. Wakasogea pembeni. Hawakunisalimia. Mmoja akamvuta mtoto wake karibu.

Mzee Kaniki akasimama. Alinitazama kwa muda, juu mpaka chini. Kisha akanyoosha ule mwamvuli ambao hakuwahi kumwachia mtu, akaniwekea mkononi.

"Shika, Nesi," akasema. "Usitembee hivyo. Watu watakufikiriaje?"